Randa yenye alama ya mshale: zana kuukuu za useremala zilifikaje Dodoma, na kwa nini nimeshindwa kuacha kuzinunua?

#1 Maranda_Matupu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi si seremala wa kazi. Ni mtumishi wa ofisini niliyehamia Dodoma wakati ofisi nyingi za serikali zilipohamia, na useremala niliuanza kwa hasira. Meza yangu ya mninga, niliyotengenezewa Dar es Salaam, ilikaa miezi minne tu hapa Ilazo kabla uso wake haujapasuka kwa urefu, ufa ukawa mpana kiasi cha kumeza sarafu ya shilingi mia. Fundi wa kwanza aliniambia mbao zilikuwa mbichi. Wa pili akasema kwamba mbao zilizokauka pwani hazijakauka bado, kwa kuwa zikifika katika hewa ya huku huendelea kutoa maji na kusinyaa. Wote wawili walitaja bei ambayo sikuwa nayo, nikaamua kuitengeneza mwenyewe.

Nilinunua randa mpya dukani kwa shilingi 45,000. Ilikuwa inang'aa, lakini ilirukaruka juu ya ubao na kung'oa nyuzi badala ya kuzikata. Nilipoweka rula upande wake wa chini, niliona mwanga unapita katikati kama unavyopita chini ya mlango. Wiki iliyofuata, kwa muuza chuma chakavu upande wa Sabasaba, niliona randa nyingine imelala kati ya rejeta na minyororo ya baiskeli, ina kutu ya rangi ya ugoro. Mwenye mali aliiweka kwenye mizani kama chuma kingine chochote, ikasoma kilo mbili na robo, akataja shilingi 3,000. Alipoona nimekwisha kuikumbatia akasema 5,000.

Nilishinda Jumamosi nzima naisugua. Kisu nilikinoa juu ya kipande cha kioo cha dirisha nilichokibandika msasa wa maji, nikianzia namba 120 na kuishia 1000. Jua lilipokuwa linazama niliisukuma juu ya ubao wa mpaina, ikatoa utepe mmoja usiokatika, mwembamba kiasi kwamba niliulaza juu ya gazeti nikasoma maandishi yaliyokuwa chini yake. Nadhani niliharibikiwa hapo. Leo nina randa tisa, misumeno sita, keekee (za kutobolea mbao) tatu, na patasi nilizoacha kuzihesabu ili nisiulizwe nyumbani.

Randa ile ya kwanza ina jina la Stanley na maneno yanayosema ilitengenezwa Uingereza, na juu ya kisu kuna alama ndogo ya mshale iliyogongwa. Dai langu ni kwamba zana hizi zilitoka Kongwa, kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza. Swali langu la pili ni kama kuna mwenzangu mwenye ugonjwa huu, na ulimwanzaje.

#2 Kongwa_Kwetu

Nakubaliana nawe, na ushahidi unao mkononi. Mshale huo ndio alama ambayo serikali ya Uingereza iliigonga kwenye mali yake, hasa mali ya jeshi. Mradi wa karanga ulianza mwaka 1947, vita vikiwa vimekwisha juzi tu, na wahusika walinunua mabaki ya jeshi popote walipoyapata, hata vifaru vikageuzwa kuwa matrekta. Walikusudia kulima ekari zaidi ya milioni tatu kabla ya kumuuliza Mgogo yeyote mvua hunyesha mara ngapi. Mapema mwaka 1951 mradi ulifungwa na serikali yao ikafuta hasara ya pauni zipatazo milioni 36. Mji mzima ulikuwa umejengwa pale, wenye nyumba, hospitali na karakana, na nyumba hazijengwi bila maseremala. Wazungu walipoondoka, wazee wetu hawakuwa wajinga wa kuacha sanduku la patasi liliwe na mchwa.

#3 Reli_ya_Kati

Kila kitu Kongwa! Mtu akiokota kijiko Dodoma, kimetoka Kongwa. Reli ilifika hapa mwaka 1910 na kufika Kigoma mwaka 1914, miaka 33 kabla ya karanga zenu, nayo ilikuja na maseremala wa mabehewa, wa milango ya stesheni na wa nyumba za wafanyakazi. Mimi ni mtoto wa mfanyakazi wa reli, na kwetu kuna patasi mbili za Remscheid, Ujerumani, zenye alama ya matunda mawili ya cheri. Hizo mtazipeleka kwenye shamba gani la karanga?

#4 Mwalimu_Mstaafu

Vijana wangu, nimesoma nikatabasamu. Nilifundisha useremala katika shule za ufundi kuanzia mwaka 1974 hadi nilipostaafu, kwa hiyo mniruhusu kusahihisha mambo mawili.

Kwanza, seremala wa Kijerumani wa enzi ile alitumia randa ya mti yenye pembe upande wa mbele ya kushikia kwa mkono wa kushoto. Randa ya chuma yenye gurudumu la kupandisha na kushusha kisu ni ubunifu wa Leonard Bailey wa Marekani, ambaye haki zake zilinunuliwa na kampuni ya Stanley mwaka 1869. Kwa hiyo randa ya mleta uzi haikuja na Mjerumani. Pili, ndugu Reli, patasi zenye cheri mbili zinatengenezwa mpaka leo, hivyo alama peke yake haithibitishi umri wake.

Maelezo yangu mimi ni mengine kabisa. Katika shule za ufundi kila mwanafunzi alikabidhiwa sanduku: randa moja, patasi tatu, msumeno, skwea, nyundo na kinoo. Kila Ijumaa zana zilihesabiwa kabla wanafunzi hawajahesabiwa. Baadaye fedha za mbao zilipokauka, mafunzo ya vitendo yakawa ya ubaoni kwa chaki, na masanduku yakalala stoo. Kitu kikilala stoo miaka kumi hupata miguu. Nyingi ya hizo mnazookota Sabasaba zilitembea kutoka stoo kama hizo, na naona haya kusema kwamba nawajua baadhi ya waliozisindikiza.

#5 Kongwa_Kwetu

Shikamoo Mwalimu. Nashukuru kwa elimu, lakini hukugusa mshale. Shule ya ufundi ilipata wapi zana ya jeshi?

#6 Mwalimu_Mstaafu

Marahaba. Shule ilinunua kwa zabuni, na mwenye zabuni alinunua palipo na bei ndogo. Mabaki ya jeshi yaliuzwa dunia nzima baada ya 1945. Mshale unakuambia mwenye mali wa kwanza alikuwa nani, haukuambii wa pili wala wa tano.

#7 Alizeti_Safi

Samahani kwa kuchelewesha mjadala, lakini mimi nina swali la vitendo. Nilirithi misumeno miwili kwa baba mdogo aliyeko Ikungi, nikaipaka mafuta ya alizeti ili isishike kutu. Sasa imekuwa inanata kama karatasi ya kukamatia nzi. Nimekosea wapi?

#8 Tupa_Pembetatu

Umekosea kwa kuukaanga msumeno. Mafuta ya alizeti yakikaa kwenye hewa huganda polepole na kuacha utando, jambo ambalo mama yeyote aliyesugua sufuria ya mandazi analijua. Tumia mafuta ya cherehani, tone moja kwenye kitambaa, kisha futa. Utando uliopo utaondoka kwa mafuta ya taa.

Usiitupe hiyo misumeno. Mimi ni mgonjwa wa misumeno tu, randa sina shida nazo. Msumeno mpya wa dukani, ukiangalia meno yake, utaona ncha zina weusi wa bluu, kwa sababu zimekomazwa kwa moto wa umeme hadi zikawa ngumu kuliko tupa. Ukali ukiisha, tupa inateleza juu yake kama kucha juu ya kioo, nawe unanunua mwingine. Msumeno wa zamani unanolewa kwa tupa ya pembetatu, jino moja baada ya jingine, kisha meno yanapanuliwa moja kulia na moja kushoto ili usibanwe na ubao. Huo wa baba yako mdogo huenda umekwisha kunolewa mara mia moja na bado una upana wa kutosha kukuzika wewe.

#9 Alizeti_Safi

Ahsante mkuu, ingawa hapo kwenye kunizika ungeweza kutafuta mfano mwingine.

#10 Mtaa_wa_Uhindini

Mmewasahau watu waliokuwa mafundi wakuu wa mji huu. Marehemu babu yangu alikuwa kibarua wa fundi Kalasinga mmoja hapa mjini miaka ya 1950, naye alisema kwamba yule mzee hakuruhusu mtu yeyote aguse randa yake; kibarua alikuwa na randa ya kibarua. Milango mingi ya maduka ya zamani ni kazi ya mikono hiyo. Majengo yalipotaifishwa mwaka 1971, familia nyingi za Kiasia ziliondoka nchini, na vitu visivyoingia kwenye sanduku la safari viliuzwa kwa haraka au kugawiwa. Babu aliachiwa keekee na juba mbili, zile patasi nene. Kwa hiyo kwangu mimi si Kongwa wala si reli.

#11 Jenereta_Bovu

Mimi nitajibu swali la pili, kwa sababu la kwanza mtalimaliza mwaka kesho. Mtu hapendi zana za mkono. Mtu anakatiwa umeme. Nilikuwa na randa ya umeme na msumeno wa umeme, nikajiona mzungu. Ulipokuja mgao nilikaa na kabati nusu, mteja ananipigia simu mara tatu kwa siku, nikaenda kumwomba mzee wa jirani anikopeshe randa ya mkono. Kabati lilikwisha. Mapenzi yalikuja baadaye, kama ndoa za zamani.

#12 Binti_wa_Mpwapwa

Habari za jioni. Mimi ni seremala wa kazi, ninakula kwa kazi hii, na ninaomba niwe mkali kidogo kwa mleta uzi.

Unasema randa mpya ilikuwa mbovu na ya zamani ikawa nzuri. Soma tena ulichoandika. Ile ya zamani uliisugua Jumamosi nzima, ukanyoosha kisu juu ya kioo, ukakinoa kwa daraja kadhaa za msasa. Ile mpya uliitoa kwenye boksi ukaisukuma. Je, uliwahi kuinoa? Randa mpya ya bei rahisi ni malighafi ya randa. Mwenye nayo ndiye anayeimalizia. Nina moja ya Kichina ambayo niliinyoosha upande wa chini kwa siku mbili, nayo inapita juu ya mninga bila kelele.

Jambo jingine ambalo wapenzi wa vya kale hawalisemi ni kwamba mwaka 1950 pia kulikuwa na zana mbovu. Zilivunjika, zikayeyushwa, zikawa nondo. Hizi tunazoziokota ni zile zilizokuwa nzuri kiasi cha kutunzwa, ndiyo maana tunadhani wazee hawakutengeneza takataka.

Na kuhusu kung'oa nyuzi: mkongo na mvule nyuzi zake hulala huku na kule kwa zamu, hivyo hata kisu kikali hung'oa. Dawa yake ni kile kipande cha chuma kinachofungwa juu ya kisu. Kisogeze mpaka kibaki nyuma ya makali kwa chini ya milimita moja, maranda yatavunjwa kabla hayajapata nafasi ya kung'oka na kipande cha ubao. Kwa mvule mjiandae pia kukutana na mawe, maana mti huo huweka chokaa ndani yake, na jiwe moja litakula makali ya asubuhi nzima.

#13 Jenereta_Bovu

Kaka umeua. Mleta uzi yuko wapi?

#14 Binti_wa_Mpwapwa

Jina linaanza na Binti, ndugu yangu. Umeme ukirudi, soma tena.

#15 Maranda_Matupu

Nipo, dada, na nimesoma nikiwa nimekaa chini. Ni kweli, sikuinoa. Nilimpa mtoto wa jirani akachezee, na baada ya ujumbe wako nilikwenda kuiomba tena. Nimekwisha kuinyoosha nusu, na mikono inauma. Inakata, lakini gurudumu lake lina mchezo: ninalizungusha robo mzunguko kabla kisu hakijasogea, wakati ile ya zamani husogea papo hapo.

Nikiri na dhambi nyingine. Kisu cha randa yangu ya tatu nilikipeleka kwa kijana mmoja mwenye mashine ya kunolea kwa umeme, nikageuka kuongea na simu, nilipotazama tena makali yalikuwa na rangi ya bluu. Nilidhani ni urembo. Kumbe feleji ikipata joto hadi kufikia bluu ukomavu wake umeondoka, na kisu hicho kikawa kinapoteza makali nikikata hata mpaina. Ilinibidi nisage sehemu yote iliyobadilika rangi, kidogo kidogo, nikichovya kwenye ndoo ya maji kila baada ya mgusano.

Swali jingine: gurudumu la randa yenye mshale ni jeusi, si la shaba kama la nyingine. Kuna mtu ameniambia kwamba ni la kubandika na kwamba randa yote ni ya kughushi, kwa sababu Stanley ni ya Marekani na haiwezi kuandikwa Uingereza.

#16 Mwalimu_Mstaafu

Aliyekuambia amekosea mara mbili. Stanley walikuwa na kiwanda Sheffield, Uingereza, tangu nusu ya pili ya miaka ya 1930. Na wakati wa vita shaba ilitengwa kwa ajili ya risasi na makombora, kwa hiyo watengeneza randa walitumia chuma au mpira mgumu kwenye gurudumu. Weusi huo ndio cheti chake cha kuzaliwa. Nakisia ni ya miaka ya 1940, na usithubutu kuliweka gurudumu la shaba ili ipendeze.

#17 Mjukuu_wa_Askari

Kama ni ya miaka ya 1940 basi nami nina maelezo. Babu mzaa baba alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), akapigana Burma, na aliporudi alikuja na ufundi aliofundishwa jeshini pamoja na sanduku la mbao lenye zana ambazo bibi aliambiwa asiulize zilitoka wapi. Watu kama yeye walikuwa wengi vijijini huku. Mshale ulirudi nao mmoja mmoja, haukuhitaji karanga.

#18 Mhunzi_Kondoa

Nimesoma majibu yote nikangoja mtu ataje mhunzi, hakuna. Mnashindana kama ni Mwingereza, Mjerumani au Kalasinga, wakati tezo lililochonga vinu vya bibi zenu lilifuliwa nyuma ya nyumba. Ninakusanya tezo na keekee za upinde. Tezo langu zuri kuliko yote limefuliwa kutokana na springi ya lori. Ukiligeuza unaona bado lina tundu la bolti ya katikati, mhunzi alilikwepa tu akaliacha. Springi ni chuma kinachokubali kukomazwa, na wazee hao walijua rangi ya kukizimia kwenye maji bila kitabu. Halina jina la kampuni, ndiyo maana kwa muuza chakavu halina bei.

#19 Maranda_Matupu

Nimekubali lawama, kaka. Nina tezo moja nililopewa bure nikinunua jiriwa (ya kubania mbao), na kwa kweli ndilo pekee ambalo sijalisafisha. Nilitaka kulitia kwenye maji ya umeme kuondoa kutu.

#20 Mfugaji_Hombolo

Acha umeme. Chukua molasi ile tunayochanganyia chakula cha ng'ombe, sehemu moja kwa kumi za maji, zamisha chuma wiki moja au mbili ukikichungulia mara kwa mara, kisha sugua kwa brashi. Harufu itakuwa mbaya na nyuki watakuja, lakini kutu itaondoka. Mpini uvue kwanza.

#21 Tupa_Pembetatu

Na anayetaka kutumia chaja ya betri na magadi ya kufulia, ahakikishe chuma cha pili anachokifunga si kijiko au sufuria isiyoshika kutu, kwa sababu maji hayo yatakuwa sumu. Afanyie nje, gesi inayotoka inashika moto. Siki ni nzuri kwa usiku mmoja. Ukiisahau inakula chuma chenyewe, nimepoteza patasi kwa njia hiyo.

#22 Kontena_la_Bandarini

Samahani, mmeruka maelezo yaliyo karibu kuliko yote. Kuna shirika la hisani la Uingereza liitwalo Tools for Self Reliance, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, ambalo hukusanya zana za mkono zilizotumika, watu wa kujitolea wakazisafisha na kuzinoa, kisha zikatumwa Afrika kwa vikundi vya mafundi, Tanzania ikiwemo. Mzee wa Kiingereza anafariki, watoto wake hawajui randa ni nini, sanduku linatolewa sadaka. Kwa njia hiyo randa ya 1944 inaweza kuwa imefika nchini mwaka 1995, ikakosa Wajerumani, karanga na KAR wote kwa pamoja.

#23 Reli_ya_Kati

Sasa huyu ametuua sote.

#24 Kongwa_Kwetu

Hajaua. Hicho ni kiasi gani ukilinganisha na mji mzima uliojengwa na kuachwa? Na ukienda Kongwa leo hakuna nyumba ya mzee utakayokosa kipande cha chuma cha Mwingereza, wapo wanaofungia mlango wa zizi kwa spana.

#25 Binti_wa_Mpwapwa

Ninaomba kuuliza jambo ambalo wanaume wote hapa wamelisahau. Zana 18 bila kuhesabu patasi. Meza je?

#26 Maranda_Matupu

Meza ipo.

#27 Binti_wa_Mpwapwa

Ipo na ufa?

#28 Maranda_Matupu

Ipo na ufa. Ndiyo ninayopangia zana.

#29 Mwalimu_Mstaafu

Nilijua. Usiupige ufa misumari wala kuujaza gundi na unga wa mbao, utafunguka pembeni. Ipasue meza yote kwenye ufa, nyoosha kingo mbili kwa hiyo randa yako mpaka zikiegemezana usione mwanga, unganisha kwa gundi, na utakapoirudisha kwenye miguu, matundu ya skrubu yafanye marefu ili uso uweze kusinyaa kiangazi na kutanuka masika. Aliyeitengeneza aliubana uso pande zote, ndiyo maana ukapasuka. Halafu angalia ubavu wa mpini wa randa yenye mshale, na ncha yake, uniambie kama kuna herufi zilizochomwa kwa moto. Wanafunzi walikuwa wakitia alama.

#30 Maranda_Matupu

Nimeangalia kwa tochi. Kwenye ncha, chini ya rangi, kuna herufi mbili, P na M, na nukta baada ya kila moja. Zimechomwa kwa msumari wa moto, M imepinda.

#31 Jenereta_Bovu

P.M. ni Ofisi ya Waziri Mkuu. Rudisha mali ya umma.

#32 Mwalimu_Mstaafu

Wanafunzi wangu wenye P na M ni wengi kuliko vidole. Lakini tulichomea ubavuni, hatukuchomea ncha. Itume picha.

#33 Mjukuu_wa_Askari

Jeshini walichomea nambari, si herufi. Basi si ya babu.

#34 Mtaa_wa_Uhindini

Wakuu, babu yangu mzaa mama alikuwa P.M., na aliishi Mvumi maisha yake yote. Nimempigia mama simu sasa hivi kwa furaha kubwa. Anasema alikuwa fundi cherehani.